Lango la Jim Jim Bado Limefungwa

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Pantelis ni vidole vyake. Akikaa mezani anaigonga meza. Akisimama kwenye baraza ya jirani anagonga ukuta, kichwa kimeinama upande, akisikiliza. Ni mazoea ya fundi wa vigae: kigae kilichobandikwa vibaya hulia utupu. Lakini mwaka huu, tangu mvua zianze kupungua hapa Darwin, kaskazini mwa Australia, alikuwa akigonga hata mahali pasipo na kigae. Aligonga usukani, friji na kopo la kahawa, mpaka mkewe Themelina akamtolea kikombe chake nje.

"Kagonge huko," alimwambia. "Humu ndani usiniitie mashetani."

Kilichomtia wahka ni safari. Kaka yake Sakelaris, mzamiaji wa sifongo aliyestaafu, alikuwa anakuja kutoka kisiwani kwao Kalimnos, Ugiriki, kwa mara ya kwanza tangu Pantelis ahame akiwa kijana. Angekaa wiki mbili, na alikuwa ametaja jambo moja tu alilotaka kuliona: maporomoko ya Jim Jim, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kakadu, pale ambapo mdogo wake huogelea kila mwaka.

Pantelis hakuwa amewahi kukanyaga Jim Jim.

Miaka ile ya mwanzo alimtumia mama yao kadi yenye picha ya maporomoko, akaandika nyuma kwamba hapo ndipo anapoogelea. Hakukusudia ubaya, alitaka tu mama asimwonee huruma. Kadi ikatundikwa ukutani, wageni wakaonyeshwa, na kila simu kutoka nyumbani ikauliza maji yanaendeleaje. Naye akawa anajibu. Kwenda kwenyewe hakukuwezekana. Mvua zikinyesha, barabara iko chini ya maji. Zikikoma, Darwin nzima inajenga, na fundi wa vigae hapati hata Jumapili.

Sasa mvua zilikuwa zimechelewa kukoma. Kila asubuhi alipiga simu hifadhini, na binti wa mapokezi, Tegan, alishaijua hata pumzi yake.

"Mzee Pantelis, umeamkaje? Barabara bado."

"Bado kabisa au bado kidogo?"

"Bado ya jana. Ikikauka, walinzi wanaingia kwanza kutafuta mamba walioletwa na mafuriko. Wasiporidhika, hakuna kuogelea."

"Na maporomoko? Yasije yakakauka nyie mnatafuta mamba!"

"Yanapungua kila siku, mzee. Ndivyo yalivyo." Kisha akauliza, "Mnakuja wangapi? Maana ile kilomita ya mwisho ni kurukaruka juu ya mawe. Mengine yanalingana na gari."

Vidole vya Pantelis vikatulia.

Sakelaris hutembea na mkongojo. Bahari ilimharibu mguu wa kushoto siku alipopanda upesi mno kutoka kilindini. Na juzijuzi tu aliuliza kwenye simu njia ya maporomoko ikoje, Pantelis akamjibu bila kusita: "Kama sebuleni, kaka. Mtoto anatambaa."

Themelina hakumhurumia. "Ulivyokuwa unaitandaza hiyo njia kwa mdomo, ulisahau kuweka mawe. Mpigie."

"Atanicheka kisiwa kizima kisikie."

"Bora wakucheke wewe kuliko yeye kuvunjika ule mguu mwingine. Mpigie, au nampigia mimi, na mimi nitasimulia vizuri zaidi."

Alipiga akiwa amesimama, akayatoa yote kwa pumzi moja: kadi, maji, njia, mawe. Upande wa pili kikaja kikohozi, na kikohozi kikageuka kicheko.

"Wewe, Pantelis? Uliyekuwa unashikwa na watu wawili ili uogeshwe? Nani alikuamini?"

"Mama aliamini."

"Mama ndiye aliyecheka wa kwanza. Alisema, mwacheni, maadamu anaandika."

Pantelis alikaa chini. Akauliza, "Sasa kama mlijua, unakuja kuona nini?"

"Ile picha nimeitazama nikinywa kahawa maisha yangu yote, naitaka kwa macho. Na wewe nataka nikuone ukiingia majini. Mawe nitayapita kwa makalio, usinihangaikie. Nikishafika kwenye maji, mimi sichechemei. Wa kushikwa mkono utakuwa wewe. Hebu niambie, maji yapo?"

"Yapo. Na mamba pia."

"Basi waambie wamtoe. Mimi nakuja."

Mtu angedhani baada ya hapo Pantelis angetulia. Wapi! Mwanzoni aliiogopa siku ya safari. Sasa anaitaka, na kila tone linaloanguka kule bila yeye linamuuma.

Leo Sakelaris yuko angani. Barabara imefunguliwa hadi kambini, lakini lango la kwenda kwenye maporomoko bado. Walinzi wameweka mtego wa mamba kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko na wameondoka alfajiri kwenda kuutazama kwa mara ya mwisho. Landkruza imepakiwa, ikapakuliwa, ikapakiwa tena. Themelina ameshindilia nyuma zeituni, jibini na ile mikate mikavu ya kisiwani. Pantelis yuko barazani, kaptura mpya ya kuogelea chini ya suruali ya kazi, anaigonga nguzo na kuitazama simu. Hapigi. Tegan amemwahidi kwamba safari hii atapiga yeye.