Gogo la Generys

Juzi sokoni nilimsikia kijana mmoja akisema ngome ya Carreg Hebog iliokolewa na kapteni Goronwy. Nikamwambia afunge mdomo wake. Mimi nilikuwepo, juu ya lango, na aliyeiokoa ni shangazi yangu Generys, kwa ubishi wake tu.

Mumewe ndiye aliyekuwa mlinda lango kwanza. Siku alipopigwa mshale akifunga lango, shangazi alitoka mbio, akamvuta ndani kwa miguu, akamalizia kufunga. Kesho yake akakutwa amekaa kwenye kigoda cha marehemu, funguo kiunoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

Sisi Wawelisi tuna sheria ya zamani kuhusu mtu wa lango. Katika kila mzigo wa kuni unaoingia, gogo moja ni lake, ila sharti alichomoe kwa mkono wake mwenyewe huku mkokoteni ukitembea. Akiusimamisha, kakosa. Likigoma, kakosa pia. Magogo hayo ndiyo yaliyompasha moto shangazi, maana chumba cha mlinda lango ni tundu tu ndani ya ukuta na kina baridi ya kisima.

Goronwy aliletwa kwetu mwaka ule Waingereza walipopiga kambi ng'ambo ya mto. Kazi aliijua, simnyimi sifa yake. Alichimbua handaki likawa refu zaidi, akajenga miguu ya ukuta ikawa mipana na ya mteremko, ili jiwe likiangushwa kutoka juu lidunde limrukie adui usoni. Lakini alipomwona shangazi anachomoa gogo, alikunja uso.

"Mama, hapa hatuombi. Kuni zote ni za ghala."

"Nani kaomba? Umeniona nimekinga kiganja?"

"Nimeona unachukua."

"Basi macho yako mazima. Nachukua changu."

"Ukichukua jingine, utatoka humu ngomeni."

"Niende wapi, kwa Waingereza? Haya, labda wao wataniachia gogo langu."

Watu walicheka, mimi sikucheka. Theluji ilikuwa imeanza, na kijiji chetu kule chini kilishachomwa chote. Kutolewa nje kulikuwa ni kufa, na Goronwy hakuwa mtu wa kutishia bure. Jioni nikamfuata shangazi, nikambembeleza amwachie yule bwana ushindi wake, kuni nitamletea mimi.

"Kwa hisani yako, Iorwerth? Leo niache gogo, kesho ataniambia niache kigoda. Hebu nenda kwenye kazi yako."

Kazi yangu ilikuwa juu ya njia ya lango. Njia hiyo ni kama chumba kirefu cha mawe, na kila mwisho ina wavu mzito wa mbao na chuma unaoshuka kutoka juu. Sisi tuliuita meno. Kulikuwa na meno ya nje na meno ya ndani, yamening'inia kwa kamba, na kamba imezuiwa kwa kigingi. Gonga kigingi, meno yanashuka. Aliyebaki katikati hana pa kwenda, na darini kuna matundu ambayo sisi wa juu tunamwangushia mawe.

Shangazi hakuacha. Kila mkokoteni ukiingia anachomoa, na wala hakuficha. Alipanga magogo yake humo humo njiani, ubavuni mwa ukuta, mpaka yakamfika kifuani, ili Goronwy ayaone kila apitapo. Mwishowe yule bwana akasema mbele ya watu wote kwamba akichomoa tena kwenye mkokoteni unaofuata, atatolewa nje. Akasimama uani, mikono kifuani, akingoja.

Ukaja asubuhi, nao ulikuwa wa Meurig. Meurig alituletea kuni tangu enzi za marehemu, na siku zote alimlegezea mlinda lango gogo moja upande wa kushoto. Shangazi naye alimpa kipande cha jibini. Hakuna aliyewaagiza, ni mazoea yao tu.

Meno yote yalikuwa juu. Nikainama kwenye tundu, nikamwona shangazi akitembea sambamba na mkokoteni, akipapasa upande wa kushoto. Hakuna gogo lililolegea.

"Meurig, leo umenisusia?"

Meurig aliendelea kuswaga tu. Macho yake yalikuwa mgongoni mwa ng'ombe, na jasho lilikuwa likimtoka katika baridi ile. Shangazi akashika gogo jingine, akavuta kwa nguvu zake zote. Halikutikisika hata kidogo.

"Generys," Goronwy akaita kutoka uani, "ukitoa gogo hapo, na wewe unatoka."

Shangazi akaachia. Nikajua ameshindwa, na moyo uliniuma kwa niaba yake. Kisha akainua uso akatazama tundu langu.

"Iorwerth, shusha meno."

"Yapi?"

"Yote."

"Shangazi, wewe uko katikati."

"Kwani nimekuuliza niko wapi? Shusha."

Niligonga vigingi nikilia, sioni haya kusema. Meno yakashuka mbele na nyuma, ngome nzima ikatetemeka. Papo hapo ubavu wa mkokoteni ukapasuka, Waingereza wakamwagika na visu vyao. Magogo yalikuwa yamepigiliwa misumari kufanya sanduku, na wao walikuwa wamejibana ndani. Shangazi alishamkamata Meurig ukosi, akamtupa nyuma ya rundo la magogo yake, naye akajibanza hapo hapo akiwatandika kwa gogo wote waliomsogelea. Sisi tuliangusha mawe mpaka waliobaki wakatupa visu chini.

Tulipopandisha meno, mkono wa kulia wa shangazi ulikuwa umekatwa vidole viwili. Goronwy akaagiza Meurig anyongwe.

"Wamemshika mke wangu," Meurig akasema.

"Usimguse," shangazi akamwambia kapteni. "Miaka yote ananilegezea gogo. Leo angelilegeza, ningechukua langu nikageuka, na wewe saa hizi ungekuwa maiti. Hakulegeza. Ulitaka akwambie vipi, na kisu kiko mgongoni mwake?"

Goronwy akamwachilia Meurig, akaenda mwenyewe kwenye mkokoteni, akanyanyua gogo zuri kabisa. "Chukua, mama. Ni haki yako."

"Lirudishe."

Shangazi alifunga mkono wake kwa aproni. "Meurig, swaga ng'ombe." Mkokoteni ulipoanza kutembea, akalichomoa gogo lake kwa mkono wa kushoto, damu ikimchuruzika, na kapteni akampisha njia.

Ngome haikuchukuliwa langoni kamwe. Ilitolewa miaka baadaye kwa mkataba, mabwana wakubwa wakikubaliana huko mbali, na Waingereza wakaingia kwa miguu yao kama wageni walioalikwa. Niliumia sana siku ile. Shangazi hakuinuka kwenye kigoda.

Mkokoteni wao wa kwanza wa kuni ukaja. Shangazi, sasa bibi kizee, akausogelea, akachomoa gogo. Askari mmoja akafoka kwa lugha yao, upanga ukatoka nusu.

Shangazi akamtazama juu mpaka chini. "Ng'ombe hajasimama," akamwambia kwa lugha yetu. Akaingia na gogo lake chumbani, akawasha moto.