Baiskeli ya Habakuki Ukutani

Kabla ya kugusa shoka, Habakuki anaegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa jiko la Mama Zamda, upande ule ule ambao msufi umeinamia. Majirani waliojaa uani wanatazamana. Baiskeli yenyewe kainunua mwaka huu wa 1954 kwa shilingi mia mbili na kumi, jasho la miaka mitatu, na sasa kaiweka mahali ambapo hata kuku wamefukuzwa.

Habakuki, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ndiye anayeitwa kila mti mkubwa unapomtisha mwenye nyumba, kuanzia hapa Korogwe hadi Handeni. Zamani alikuwa mkata mkonge katika shamba la Ngombezi. Kamba zake mpaka leo husokota mwenyewe.

Anagonga shina kwa mgongo wa shoka, anatega sikio, anagonga tena. Upande mmoja umeoza. Unaitika kama mtungi mtupu. Mama Zamda ni mjane, na nyumba nyingine hana.

Kwa nini baiskeli? Watu wana lao. Wapo wanaoapa kuwa ni dawa. Mwenyewe anacheka. Anasimulia kwamba miaka sita iliyopita, kule Misima, aliangusha mkwaju wa kaka yake, Kaleb, huku amegeuka kujibu utani wa wapita njia. Mkwaju ukalalia jiko. Hakufa mtu, ila Kaleb hajamwita ndugu tangu siku hiyo.

"Kilichovunjika kilikuwa cha mwenzangu," anasema. "Tangu hapo na mimi naweka changu."

Anapanda, anakata matawi, kila moja linashushwa kwa kamba taratibu. Linapobaki shina, Mama Zamda anaingiwa na huruma, anaanza kuikokota baiskeli pembeni.

"Irudishe, mama. Ukiiondoa, mkono wangu utalegea."

"Haya, baba. Ila nyumba ikienda, usije ukalilia baiskeli peke yake."

Shoka linaingia. Wanaume sita wanavuta kamba. Shina linalia, linasita, kisha linajigeuza na kulala kwenye mihogo. Ukuta unatikisika, kengele ya baiskeli inalia yenyewe, mara moja tu. Ua mzima unaangua kicheko.

Jana Kaleb alituma salamu: mkwaju wake wa pili umekauka, umeinamia jiko jipya. Habakuki atakwenda Jumatatu. Anasema huko baiskeli haitatosha. Anataka mkewe, Hilaria, akakae jikoni kwa shemeji mpaka mti uanguke.

Hilaria anapoulizwa, haachi kuosha vikombe.

"Nitakaa," anasema. "Yeye tu asigeuke kuongea na watu."