Taipureta Niliyoichagua kwa Mikono Yangu

Kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Mkiwa, kilinituma mimi katibu nikachague taipureta Singida mjini, maana nilishajitapa kwamba kazi ya ukatibu nimeisomea. Uongo mtupu! Dukani nilizipapasa mashine kama mtu anayechagua fahali mnadani, nikachagua nzito, inayong'aa, yenye vibonyezo vichache, nikijua hiyo nitaizoea upesi. Muuzaji akaanza, "Lakini bwana, hiyo..." Nikamkatiza: "Ndugu, usinifundishe kazi."

Siku ya mkutano nikaiweka mezani mbele ya kijiji kizima. Mwenyekiti akaniagiza niandike jina lake. Nikabonyeza kwa mbwembwe, nikavuta mkono wa mashine, karatasi ikatoka, nami nikaipunga juu bila hata kuitazama.

Akainuka Bibi Salima, ambaye nilikuwa nikimcheka kila jioni akienda kwenye kisomo cha watu wazima. Akaipokea karatasi, akaisogeza karibu na macho.

"Mjukuu wangu, hizi ni namba," akasema kwa sauti. Akainamia mashine, akaikagua kibonyezo kwa kibonyezo. "Na humu herufi hakuna hata moja. Hii ni mashine ya kujumlishia hesabu."

Kisha akanishika bega kwa huruma.

"Kesho jioni njoo kisomoni. Kwenye benchi letu nafasi ipo."