Taa ya Injini Iliyotupeleka Kuposa Mamba

Tulisafiri kwa sababu Baba Mdogo Eliona alichoka kula ugali aliousonga mwenyewe. Alikuwa amempata Neema, mwalimu wa chekechea kule Mamba, na Neema alikuwa amemkubali kwa hiari yake, jambo ambalo nyumbani tulilijadili kwa mshangao mkubwa. Kilichobaki ni wazee. Ukweni wakatuma ujumbe: njooni Jumamosi, mfike kabla ya saa nane mchana, maana mjomba wa Neema anarudi Dar siku hiyohiyo, na bila mjomba posa haisikilizwi. Mkimkosa, basi hadi Krismasi. Na tulikuwa bado mwezi wa pili.

Msafara ulikuwa wa watu watatu: Baba Mdogo kwenye usukani, Mzee Zefania ambaye ndiye mshenga, na mimi wa kidato cha tatu. Bibi alinipa kazi mbili: kushika dumu la asali lisimwagike, na kufunga mdomo. Ile ya asali niliiweza.

Same, asubuhi. Gari la Baba Mdogo ni la zamani kiasi kwamba kioo cha mlango wangu hupandishwa kwa viganja. Alipoliwasha, taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, rangi ya chungwa, ikakataa kuzima.

“Baba Mdogo, hiyo taa inasema nini?”

“Inasema injini ipo.”

Akashuka, akachomoa waya wa betri, akangoja kidogo, akaurudisha. Akawasha tena. Taa kimya.

“Umeona? Nimeitibu.”

“Hujaitibu. Umemziba mgonjwa mdomo halafu unasema amepona.”

“Mzee Zefania,” akasema Baba Mdogo, “huyu mtoto tumshushe?”

“Tumshushe, asali atashika nani?” akajibu Mzee. Nikabaki.

Kijiji cha Kisiwani. Vumbi la huko halina adabu, linaingia hadi kwenye meno. Taa ilikuwa imesharudi, na safari hii Baba Mdogo aliifunika kwa leso ya mfukoni. Gari lilikuwa linakwenda, lakini kwa uvivu. Tulipitwa na bodaboda iliyobeba mbuzi. Mbuzi alitutazama kwa huruma mpaka walipopotea.

Maore ndipo tulipoagana na tambarare tukaanza kupanda. Milimani kulikuwa na ukungu na manyunyu, na hapo ndipo gari lilipoonyesha tabia yake halisi. Baba Mdogo anakanyaga mafuta, injini inanguruma kama simba, gari linatembea kama kobe. Nyuma ukatoka moshi mweusi, na ndani ikaingia harufu ya petroli.

“Halivuti,” nikasema.

“Ni mafuta mabaya niliyojaza juzi.”

Kona ya pili akasema ni uzito wa asali. Kona ya tatu akamtazama tu Mzee Zefania. Mzee akaelewa, akashuka na fimbo yake na koti lake la kanisani. Nikashuka na mimi na dumu langu. Mzee alitembea mwendo wake wa kwenda ibadani, akalipita gari, akafika kona iliyofuata, akakaa juu ya jiwe kutungoja.

“Poleni na safari,” akatuambia tulipofika.

Kwenye kona nyembamba kuliko zote, gari likajaribu kugeuka, likakohoa, likazima. Lilizima likiwa limekaa kwa ubavu, limeziba barabara yote. Saa nane ilikuwa imeshapita. Na kabla Baba Mdogo hajamaliza kulisihi, tukasikia honi kutoka juu. Lilikuwa lori la tangawizi linashuka. Mbele, pembeni ya dereva, alikaa mjomba na begi lake la safari, pamoja na Mama Neema aliyekuwa anamsindikiza hadi Maore. Juu ya magunia alikaa Neema mwenyewe.

Baba Mdogo akazama chini ya usukani.

“Toka huko,” akaita mjomba. “Tumewangoja tangu asubuhi. Sasa na njia mmeniziba?”

Wakashuka wote. Amkio likapita haraka, kisha watu wakaizunguka boneti kama msibani. Kila mmoja akawa na ugonjwa wake: huyu plagi, yule pampu. Mimi nilikuwa nawaza moshi ule mweusi na harufu ile ya petroli. Mafuta yanaingia, ila hayaungui yakaisha. Hata shuleni tuliambiwa moto unataka hewa.

“Linakula ila halipumui,” nikasema. “Tufungue boksi la chujio la hewa.”

“Boksi halina shida!” akasema Baba Mdogo. “Nililiangalia mwenyewe.”

Aliyasema haraka mno. Nikafungua vibanio.

Chujio lilikuwa limevalishwa nguo. Kweli kabisa: limefungwa kitambaa kizito, kimejaa vumbi la Kisiwani, na manyunyu ya mlimani yameligeuza vumbi lile kuwa tope.

“Nilitaka lisichafuke,” akajieleza Baba Mdogo. “Kwa nini ninunue jipya wakati la zamani linaweza kuvikwa?”

Nikakivuta kitambaa, nikakikunjua. Pembeni kulikuwa na maua ya kudarizi. Katikati, kwa uzi uliokuwa mwekundu zamani: KARIBU MGENI.

Mama Neema akasogea.

“Hiki si kitambaa changu? Cha makochi, nilichokushonea Neema aliponiambia habari zako?”

“Ndicho, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Vilikuwa vinne. Vingine viko wapi?”

“Viko kwenye makochi, mama.”

“Kimoja kinachuja maziwa,” nikasema. Bibi hakuwepo.

Neema akajifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanamcheza. Mama yake hakucheka.

“Kifue.”

“Sasa hivi, mama?”

“Kwani posa mmeileta kwa ajili ya lini?”

Baba Mdogo akavua koti la suti, akaelekea kwenye mfereji uliopita kando ya barabara.

“Si humo!” akafoka Mama Neema. “Watu wanamwagilia mboga!”

Dereva wa lori akatoa ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Baba Mdogo akachuchumaa barabarani akifua, na Mzee Zefania, kwa kuwa mjomba alikuwa anatazama saa, akavua kofia akaanza kueleza posa palepale, mbele ya boneti iliyo wazi. Alieleza ukoo, alieleza imani, alieleza uvumilivu wa kijana. Mjomba akamkatiza, akanigeukia.

“Na taa ya injini haikuwaka?”

“Iliwaka, mjomba. Akachomoa betri.”

Mjomba akamgeukia Baba Mdogo.

“Binti yetu akikwambia anaumwa kichwa, utachomoa nini?”

Povu likatulia.

“Sitachomoa kitu,” akasema Baba Mdogo taratibu. “Nitakaa naye nimuulize panauma wapi, na nitamsikiliza.”

“Asugue na hapo kwenye M,” akasema Neema nyuma ya mama yake. “Bado peusi.”

Mjomba akarudi kwenye lori, akachukua begi lake, akampa Baba Mdogo alishike. “Mabasi ya Dar yapo na kesho. Twendeni nyumbani.”

Tulilikung'uta chujio kwenye tairi, tukalirudisha likiwa uchi. Gari likawaka, likapanda mlima kama limeitwa kula. Lori lilirudi nyuma likatupisha, likatafuta pa kugeuzia, likatufuata.

Huko Mamba tulikula makande, tukanywa chai ya tangawizi iliyowasha hadi masikioni, na posa ikapokelewa. Kitambaa kilianikwa mbele ya nyumba, rangi ya kijivu, kila jirani akakisoma.

Kurudi, Jumapili. Tulipokaribia Kisiwani taa ikazima yenyewe, betri haijaguswa na mtu. Baba Mdogo akaikunja leso yake, akairudisha mfukoni.

Nilichojifunza ni kwamba taa ikiwaka, fungua boneti mwenyewe kabla wakwe hawajakufungulia. Maana sasa kila tukienda Mamba, Mama Neema hamkaribishi mtu ndani kabla hajakagua. Mara ya mwisho alikuta chujio jipya, jeupe. Akaliinamia, akalitazama sana, akafunga boksi.

“Hili sasa,” akasema, “linaweza kuoa.”