Shikamoo Niliyoitoa Msituni Pugu

Harufu ya Pugu ninayoikumbuka ni ya majani yaliyoozea kwenye unyevu, imechanganyika na ule udongo mweupe wa milimani unaonuka kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Kwetu Temeke kulinuka vumbi na samaki wa kukaanga, kwa hiyo kila tuliposhuka garimoshi na kuanza kupanda kwenda kijijini kwa bibi, mzaa mama, nilikuwa naivuta harufu ile mpaka mbavu zinauma. Mwaka ule sikuivuta kwa raha. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa na miaka minane hivi. Mama alikuwa mjamzito, na nyuma yangu alikwisha kuzika watoto wawili ambao hawakufikisha siku arobaini. Hatukwenda kusalimia tu. Tulikwenda kumwombea huyu wa tatu abaki.

Shida ilikuwa makaburi. Zamani ukoo wa bibi ulikuwa na kijiji ndani ya msitu, kabla serikali haijaufanya wa hifadhi na kuuwekea mpaka wa mawe meupe. Walio hai wakahamishiwa pembeni na mihogo yao, wafu wakabaki. Kuingia bila kibali ilikuwa kesi, na kibali cha kwenda kuzungumza na marehemu sijui ungekiombea kwa karani gani. Bibi hakujisumbua na vibali. Alfajiri alipika ubwabwa na kuku, bila chumvi na bila kuonja, maana kwao chakula cha tambiko hakikuguswa na ulimi wa aliye hai mpaka wazee wawekewe chao kaburini. Akakifunika kikapuni, akatupa masharti: njiani hakuna kusema, hakuna kucheka, na ukiitwa usiitike.

Tulivuka mawe yale jua likiwa limeshapanda, lakini ndani kulikuwa na giza la kijani, na kila kijiti kilichovunjika chini ya mguu wa mama kilinishtua. Bibi alitangulia na kikapu kichwani, mama katikati, mimi nyuma. Tulipokaribia makaburi bibi alisimama ghafla, akamvuta mama nyuma ya shina kubwa. Mimi nilikuwa nimebaki hatua kadhaa nyuma, nikaona walichokiona. Askari wa msitu, kaptula ya kaki na tarbushi nyekundu, amekaa juu ya gogo ametupa kisogo, anatoa mwiba mguuni. Hakuwa ametusikia. Tungerudi kinyumenyume tu, yangekwisha.

Lakini mimi nililelewa Temeke na mama asiye na mzaha. Mtoto aliyempita mtu mzima bila kumwamkia alirudishwa kwa fimbo, mbele za watu. Magoti yalikunjika yenyewe.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba," akajibu, kabla hata hajajua anamjibu nani. Kisha akageuka na kusimama kwa mguu mmoja.

Bibi alitoka mafichoni kama mtu aliyekuja sokoni. "Kabila gani wewe, baba?"

"Mnyamwezi."

"Alhamdulillahi! Mtani wangu! Mbona serikali imechukua mwenye sura mbaya hivyo?"

Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hakasirikiwi, na msibani kwako anaweza kujichukulia kitu ukamwangalia tu. Yule askari alitaka kucheka, nikaona midomo ikimcheza, lakini akatazama tumbo la mama, akatazama kikapu, uso ukamkunjamana. "Mama, utani baadaye. Mzungu wangu yuko nyuma hapo. Akiwakuta hapa mnalala ndani, na mie kazi sina."

Viatu vilisikika palepale. Mama alinishika bega, kucha zikaniingia. Askari alinyakua kikapu, akaketi, akafunua.

"Hawa nani?" Mzungu aliuliza. Alikuwa mrefu, jasho linamtoka, mkononi daftari.

"Shemeji zangu, bwana. Wameniletea chakula."

Mzungu hakuondoka. Alisimama akitungoja, nasi tulisimama tukimtazama askari akimega ubwabwa wa wazee wetu na kuupeleka kinywani. Alitafuna. Alikunja uso. "Wazaramo hamjui kupika," akasema. "Haina chumvi." Akaendelea kula, tonge baada ya tonge, macho ya bibi yakimfuata mkono, mpaka chombo kikabaki cheupe. "Haya, watoe nje," Mzungu akasema, akaandika kitu kwenye daftari lake. Kaburini hatukuweka hata punje.

Kurudi, bibi alisema mtani amekula, basi wazee wamekula. Alisema mara tatu, na kila mara sauti yake ilipungua. Mama hakunipiga. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, maana nilijua mimi ndiye niliyemuua mdogo wangu kwa adabu yangu. Miezi yote iliyofuata nikaacha kuamkia watu. Majirani wakasema mtoto amekuwa jeuri, mama akawasikia, wala fimbo hakuishika.

Mdogo wangu alizaliwa asubuhi ya mvua, akalia. Nikahesabu siku kwa vijiti uvunguni mwa kitanda. Siku ya arobaini, shughuli imeanza, nikasikia hodi mlangoni. Ni yule askari, bibi alimpelekea habari, kaja kwa garimoshi, kwapani kafunga kitu kwenye gazeti. "Nimewaletea chumvi," akawaambia kina mama, nao wakamtukana kwa furaha. Kisha akauliza, "Yuko wapi yule wa shikamoo?" Nilisukumwa mbele. Nikapiga goti, nikamwamkia huku nikilia kwa sauti. Yeye ndiye aliyempakata mtoto akamwita Mtani, na jina la chuoni, alilopewa na mwalimu wa Kurani, halikushinda hilo mpaka leo.

Mwaka jana tulirudi Pugu, mimi, Mtani na mjukuu wangu wa miaka minane. Tulikwenda kwa gari. Vijiji vya pembeni vimegeuka mji, nyumba zimepanda mpaka mahali nilipokuwa naanza kuisikia harufu, na miti iliyobaki ina mapengo ya wachoma mkaa. Njiani tulimkuta mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mjukuu akampita kimya, macho mbele, kama hakuna mtu. Damu ilinipanda. Nikanyoosha mkono nimrudishe.

Mtani akaushika mkono wangu. Anatembea na bakora siku hizi, na meno yake yanahesabika. "Mwache, dada," akasema. "Wewe ulisalimia, nusura mie nisizaliwe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikainuka, nikamwamkia mlinzi mimi mwenyewe, mtu wa umri wa mwanangu, naye akaona haya asijue aitikie nini.