Générose ndiye anayefunga boneti

Saa nne asubuhi, tarehe kumi na moja Februari, Jean-Berchmans anaweka spana juu ya betri, anakaa kwenye tairi kuukuu na kumwomba dada yake maji ya kunywa. Kabagwira anaporudi na kikombe, kaka yake ameegemea ukuta wa gereji, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri injini ipoe.

Hospitali walisema ni moyo. Alikuwa na miaka hamsini na moja.

Gari alilokuwa analishughulikia lilibaki hapo hapo, katika gereji yao ndogo ya Kagarama, jijini Kigali, boneti wazi. Ni gari jeusi lenye supachaja, ile pampu inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Mwenyewe, Mugenzi wa Nyarutarama, alikuwa ameagiza filta mpya ya hewa kutoka nje: koni nyekundu inayokaa wazi, mahali pa lile boksi jeusi la kiwandani. Aliambiwa italiongezea gari nguvu.

"Kaka alimwambia hivyo hivyo," anasema Kabagwira, mwenye miaka arobaini na mitatu. "Alimwambia, 'Utaokoa nusu sekunde nzima.' Na hatukuwa tumepima. Sikuwahi kumsikia akisema kitu kabla ya kupima."

Wawili hao walizaliwa Buyenzi, Bujumbura, ambako baba yao alitengeneza malori. Ndiyo maana Kiswahili cha gereji yao kina mwendo wa Burundi mpaka leo. Walipokuja Kigali walifungua kazi pamoja, na kwa miaka kumi na sita walijulikana kwa jambo moja: kupima kwa kufumba.

Mmoja anafunga filta na kushusha boneti. Mwingine anaendesha bila kujua filta gani imo ndani. Redio inafunguliwa kwa sauti kubwa, kaseti ya kwaya, ili dereva asitambue kwa mlio. Kifaa kilichochomekwa chini ya usukani kinaandika muda na joto la hewa inayoingia. Mbio ya kwanza, injini ikiwa bado baridi, haihesabiwi.

"Kaka alisema sikio linapenda kelele," anaeleza Kabagwira. "Gari likivuma, mtu anaona linakimbia. Na ukijua kilichomo, mguu wako unakisaidia."

Baada ya mazishi, magari kumi na moja kwa wiki yalipungua yakawa manne. Wateja walikuja, wakatoa pole, wakauliza nani sasa anaamua. Mugenzi alikuja wiki ya tatu.

"Sista, pole sana," alisema. "Lakini hii gari iko hapa siku nyingi. Berchmans aliniahidi. Wewe unaweza kumaliza, ama nipeleke mahali pengine?"

"Nipe mpaka Ijumaa."

Tatizo halikuwa kazi. Filta hiyo inashikwa na klempu mbili, zile pete za chuma za kukaza, dakika sita imetoka. Tatizo ni kwamba kupima kwa kufumba kunahitaji watu wawili, na yeye alikuwa amebaki mmoja.

Jirani yake wa ukuta mmoja ni Générose, mshonaji nguo, mjane anayejua kucheka. Kabagwira alimwomba awe mtu wa pili, akamwonyesha klempu. Générose alizigeuza, akasema ni kama kufunga kiuno cha sketi.

Asubuhi ya Jumatano walikwenda kwenye mlima mmoja upande wa Kabuga, ambako barabara inapanda bila kona. Gia ya tatu, kutoka kilomita thelathini kwa saa hadi sitini, si zaidi. Kamera za barabarani, ambazo Kigali nzima inaziita Sofia, hazijui habari za majaribio.

Kila baada ya mbio gari lilisimama pembeni. Générose alifungua boneti, akabadilisha filta au akajifanya anabadilisha, kisha akaandika kwa chaki ya kushonea kwenye kipande cha kitambaa.

"Weye tazama barabara," alimwambia. "Mikono yangu haikuhusu. Gauni la bibi harusi nimeliacha nije kuchafuka hapa, halafu unanichungulia?"

"Unachukua muda mrefu. Nitajua umebadilisha."

"Hata nisipobadilisha nachukua muda mrefu. Umri huo."

Kabagwira alicheka. Anasema ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari.

Walipolinganisha chaki na kifaa, kicheko kiliisha. Filta ya zamani: sekunde nne na nukta nane. Filta mpya: tano na nukta moja. Nyekundu ilikuwa inalipunguzia gari mwendo.

"Nilikaa garini, kwaya bado inaimba," anasema. "Niliwaza, neno la mwisho la kaka yangu kwa mteja lilikuwa si kweli. Na mimi ndiye nitakayemwambia."

Udadisi ndio uliomtoa hapo. Alitazama namba za joto. Hewa iliyopita kwenye boksi la zamani ilikuwa na nyuzi thelathini na tatu. Iliyopita kwenye koni, arobaini na tisa. Koni ilikuwa wazi kando ya injini, ikivuta joto la injini yenyewe. Na hewa ya moto ni nyepesi, gari halishibi.

Alhamisi alikata kipande cha bati, akakikunja kiwe ukuta kati ya koni na injini, na kuvuta bomba la hewa kutoka mbele ya gari. Générose alishona ukingo wa raba kuzunguka bati lisigongegonge. Wakarudi mlimani. Nyuzi thelathini na tano. Sekunde nne na nukta saba.

Ijumaa Mugenzi alisikiliza akiwa amesimama.

"Bila bati inakupunguzia," alisema Kabagwira. "Ikiwa na bati inakuongezea kidogo sana. Mguu wako hautajua."

"Kwa hiyo Berchmans alikosea?"

"Alikosea. Alisema kabla ya kupima. Mara moja tu."

Kabagwira alikuwa amemwandikia namba zote kwenye karatasi, na Mugenzi aliipitisha kidole mstari kwa mstari. "Mimi napenda kelele yake," alisema. "Iache na bati. Lakini hii karatasi nipe."

Jumatatu iliyofuata alimtuma shemeji yake na gari lingine.

Sasa Kabagwira anataka kila mteja aondoke na karatasi ya namba, hata kama namba zinamkatisha tamaa. Anatafuta pia kifaa cha pili, kwa sababu cha kwanza kina alama za grisi za vidole vya kaka yake, na hataki kukifuta.

Kibao mlangoni bado kina jina la Jean-Berchmans. Upimaji ni kila Jumatano, saa moja asubuhi. Duka la ushonaji la jirani siku hiyo linachelewa kufunguliwa, mpaka saa nne.