Ng'ombe wa Isidori anayesubiri jina kutoka Uswidi

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, shamba la pamba la Shule ya Msingi Kyamasura bado lina umande, na Isidori Wambura ameshageuza plau mara nne.

Mbele yake mkewe, Mbuke, anaongoza maksai wawili kwa kamba. Wa kulia ni mwekundu, anaitwa Juhudi. "Juhudi, kaza. Juhudi, taratibu." Ng'ombe anasikia, anakaza shingo.

Wa kushoto ni mweusi mwenye baka jeupe usoni. Huyo anaambiwa tu, "Na wewe. Na wewe hapo."

Mweusi anatembea anavyotaka, nira inalala upande mmoja, mstari unapinda.

"Mpe jina huyo ng'ombe tulime," Mbuke anasema bila kugeuka. "Hata mbwa wetu ana jina."

"Jina lake haliko kwangu," Isidori anamjibu.

Wasomaji, hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Ukianza kuisikia utacheka, halafu kicheko kitakukwama.

Isidori ana miaka hamsini na tatu. Tangu mwaka 1968 anatunza ng'ombe wa shule hii, iliyoko katika kijiji cha ujamaa ukitoka Bunda kuelekea Butiama, na anawafundisha wanafunzi kulima kwa plau. Analipwa shilingi 150 kwa mwezi. Hajawahi kukaa darasani akiwa mtoto.

Mwaka 1972 shule ilipata urafiki na shule moja ya Uswidi. Kila muhula barua zilikuja na kwenda, wanafunzi arobaini wa hapa kwa arobaini wa kule, kwa Kiingereza, walimu wakisaidia. Watoto wa hapa walisoma kwamba kule wakati wa baridi ziwa linagandaga mpaka watu wanatembea juu yake. Habari hiyo ilipofika kwa wavuvi wa Mugango, walisema mwalimu Enoka, msimamizi wa barua hizo, siku hizi anakunywa.

Mwaka uliofuata watoto wa Uswidi waliuza mikate na magazeti ya zamani, wakatuma pesa za kununua maksai wawili. Wakakubaliana kila shule impe jina mmoja. Kyamasura wakachagua Juhudi. Uswidi wakachagua Gustavu.

"Gustavu alikuwa na akili kunizidi," anasema Isidori. "Nikikohoa tu, anajua tumefika mwisho wa shamba, anageuka mwenyewe."

Na barua zikaanza kuja za Gustavu mwenyewe, na picha za rangi. Mwalimu Enoka alikuwaga anashuka nazo mpaka zizini, anazitafsiri kwa sauti.

"Krismasi moja walimuuliza kama anasikia baridi," Isidori anakumbuka. "Nikamwambia mwalimu, andika hapana, ila mvua haipendi."

Agosti 1975 wageni wakaja wenyewe, wanafunzi wanane na walimu wawili. Hapo Isidori anafuta plau kwa majani, ingawa udongo uliobaki ni kidogo tu.

Kabla hawajafika, kijiji kilikaa kikao kuamua wageni wachinjiwe nini. Mwenyekiti alitaka wakanunue dume mnadani. Isidori ndiye aliyesimama akakataa.

"Nilisema ng'ombe wa mnadani humjui alikula nini, alikuwa wa nani. Hawa wametupa ng'ombe, tumemlisha, amenona. Mtu amekuja kutembelea ng'ombe wake, wewe utamchinjia wa jirani? Watu wakanipigia makofi."

Kwa desturi ya hapa, mgeni wa heshima anaonyeshwa kwanza mnyama wake akiwa hai. Anamtazama, anashukuru, ndipo mnyama anachinjwa. Wageni walitegemewa Ijumaa jioni. Gari lao likakwama mtoni, wakalala njiani, wakafika Jumamosi saa saba mchana.

"Wazee wakasema wageni watafika na njaa, chinja," anasema Isidori. "Nikachinja asubuhi. Niliruka kitu kimoja tu, kuonyesha. Kimoja."

Ugali wa mtama ukaletwa, na nyama. Wageni wakala vizuri, Mbuke anasema mmoja aliongeza mara mbili. Kisha binti wa miaka kumi na minne, Birgita, akatoa kwenye mfuko wake kengele ya shaba iliyofungwa kwa mkanda wa sufu, ambao wenzake wa darasani walikuwa wameufuma kwa zamu. Akasimama. Akasema sentensi aliyokuwa akiifanyia mazoezi tangu kwao:

"Gustavu yuko wapi?"

"Alisema Kiswahili kizuri kabisa," anasema Isidori. "Mwalimu hakuwa na cha kutafsiri. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kujifanya hajasikia."

Aliyejibu ni Gati, wakati huo yuko darasa la tano. Leo yuko la sita, na anamsimulia mwandishi akiangalia miguu yake.

"Nilinyoosha kidole kwenye bakuli lake. Nikasema, huyu hapa. Nilikuwa najivunia, dada. Nilijua atafurahi kwamba amepewa Gustavu mwenyewe."

Walimu wao walielewa kidole kabla ya maneno. Birgita aliweka kengele mezani, akaenda kukaa ndani ya gari. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

"Sisi tulifikiri nyama haikuiva," anasema Mbuke.

Walikuwa wakae siku kumi. Walikaa nne, kwa adabu, wakaondoka. Kengele ikabaki mezani. Baadaye ilikuja barua moja ya mwalimu wao, fupi, ikisema watoto wanahitaji muda. Tangu hapo, mwaka na miezi miwili, kimya. Gati alimwandikia rafiki yake wa kule mara tatu.

Mwalimu Enoka hajitoi katika lawama. "Barua zote nilizisoma mimi. Nilijua wanampenda yule ng'ombe. Nikadhani ni mapenzi kama yetu. Sisi ng'ombe tunampenda na tunamla."

Juhudi naye alikataa kuvuta na mwenzake mwingine msimu mzima. Ekari kumi na mbili za pamba zikawa tano. Mwaka huu Isidori amemzoesha huyu mweusi, lakini kumwita kwa jina amekataa, na kengele iko darini, imefungwa kwenye kitambaa.

Muda wenyewe unakwisha. Mwalimu Enoka anasema darasa la Birgita linamaliza shule Juni mwakani. Baada ya hapo anwani ile haitakuwa na mtu anayemkumbuka Gustavu.

Ndiyo maana Isidori amekuwa akienda kisomo cha watu wazima kila jioni, hakosi. Mwandishi alipojitolea kumwandikia barua kwa Kiingereza, alitikisa kichwa.

"Hapana, binti. Yeye aliniuliza kwa Kiswahili. Nitamjibu kwa Kiswahili, na mkono wangu."

Akaitoa barua yake mfukoni. Imemchukua wiki tatu, na herufi zake zimepanda na kushuka:

"Birgita. Mimi ni Isidori wa Kyamasura. Uliuliza Gustavu yuko wapi. Nilikosa sikukuonyesha kwanza. Nimepata mwingine. Mweusi ana baka jeupe usoni. Yuko hai. Jina mpe wewe."

Jumatatu ataipeleka posta Bunda kwa baiskeli. Jina likija, anasema, kengele ataifunga siku hiyo hiyo, na mwalimu Enoka ataazima kamera ili picha iende.

"Na asipojibu?" Mbuke anauliza, kamba mkononi.

Isidori anashika plau. Anaangalia mistari ya asubuhi, yote imelalia kushoto.

"Basi tutaendelea kulima hivi hivi imepinda," anasema. "Juhudi, twende. Na wewe."